Ng'ombe wa Hawaii, Mbuzi wa Mama

Kaka yangu alirudi kutoka Hawaii na kofia pana ya wachunga ng'ombe, na Ijumaa ile hata kula alikula nayo kichwani. Baada ya chakula alitukalisha sebuleni, hapa nyumbani kwa mama, mjini Hail, akatuonesha picha kwenye televisheni na kutufundisha mtu akifika kwenye kimji cha wafugaji alichotembelea huko afanye nini. Aamke alfajiri. Apande farasi akatazame ng'ombe wanavyokusanywa. Ale nyama yao papo hapo. Na asikose kusimama zizini akavute pumzi.

"Harufu ile, wallahi, inafungua moyo," alisema.

Nilitamani kumrushia bilauri. Mwanamume huyu huyu, mwaka jana, alisema mbuzi wa mama pale uani wananuka, wanamtia aibu kwa wageni wake. Hakumuuliza mtu. Mama alikwenda hospitali kupimwa macho, akarudi akakuta banda limevunjwa, mbuzi hawapo, na gari la kaka limeegeshwa pahala pao.

Sasa mama alikuwa anatoa kokwa za tende. Ikaja picha ya bibi mmoja wa umri wake, amemkumbatia ndama.

"Huyu ndiye mwenye zizi," kaka alisema. "Anaishi peke yake."

"Hana watoto?" mama aliuliza.

"Anao, mama, lakini wote wako mbali."

"Ndiyo maana ng'ombe wake wangalipo."