Mlango wa Mzee Hira

Kama umewahi kununua mchele jirani na stendi ya Karatu, huenda umeshagombezwa na Mama Seif. Humgombeza anayechota punje na kuzitafuna bila kununua, humgombeza dereva wa watalii anayeegesha landkruza mbele ya duka, na siku akikosa mtu huigombeza redio. Jina lake ni Zulfa, asili yake Kondoa, na duka aliachiwa na marehemu mumewe. Nyuma ya duka kuna uwanja uliozungukwa na vyumba vya kupangisha. Mimi nimepanga kimoja tangu nihame Singida, na cherehani yangu naiweka kwenye kibaraza cha duka lake, kwa hiyo hasira zake nazijua vizuri.

Watu wengi hukasirikia jirani, wakwe, au mwenyekiti wa mtaa. Mama Seif alikuwa akiikasirikia Japani.

Usicheke. Ilianza asubuhi moja ya ukungu, alipotokea mzee wa Kijapani amebeba begi mgongoni, akampa shikamoo Mama Seif ambaye ni mdogo kwake kwa miaka mingi. Shikamoo ile aliigawa kwa kila mtu, hata kwa watoto, na hakuna aliyeweza kumwachisha. Ujanani alikuwa ametumwa na serikali yao kuwafundisha wakulima wa Mang'ola kilimo cha vitunguu. Sasa alikuwa amestaafu, mke amefariki, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha zamani, kimenyooka kama cha taarifa ya habari. Jina lake lilikuwa Hirabayashi. Tulilikata likabaki Hira.

Aliuliza kama kuna chumba. Mama Seif alimtazama kuanzia viatu hadi kofia.

"Kwani kwenu nyumba zimekwisha, mzee?"

"Nyumba zipo. Lakini wenye nyumba hawampendi mzee anayekaa peke yake. Wanaogopa."

"Wanaogopa nini? Utawaroga?"

"Wanaogopa nitakufa ndani. Kwetu wazee wengi wanakufa peke yao, na wanaonekana baada ya siku nyingi. Chumba kinaharibika, na mpangaji mwingine hakitaki. Basi wananiambia, samahani, kimeshachukuliwa."

Mama Seif aliliweka chini kopo la kupimia mchele. Nikaacha kukanyaga cherehani, maana nilijua kinachokuja.

"Mtu mzima ananyimwa chumba kwa sababu siku moja atakufa? Kwani wao watabaki? Wana roho gani hao? Mzee amefanya kazi maisha yake yote, halafu anafungiwa mlango kama mwizi!" Alipiga kaunta hadi mizani ikaruka. "Sikiliza. Hapa kwangu hutakufa peke yako. Mimi Zulfa nimesema, na huyu fundi wa nguo ni shahidi."

Nikawa shahidi.

Miezi ya mwanzo mlango wa Mzee Hira ulikuwa njia ya watu wote. Mama Seif aliingia asubuhi na chai ya tangawizi bila hata kusema hodi. Watoto waliingia kukunjiwa ndege za karatasi, na kina mama walimwachia vitoto vyao wakienda kuchota maji. Mimi niliingia kuchaji simu, maana soketi yake ilikuwa nzima na yangu ilikuwa ikitoa cheche. Alikaa kwenye kigoda akimenya vitunguu, anacheka, na huku anatuhadithia habari za kwao.

Habari hizo ndizo Mama Seif alizokuja kuwasomea wateja. Kwamba huko mtu hufanya kazi mpaka akaanguka kazini akafa, na jina la kifo cha namna hiyo lipo kabisa. Kwamba vijiji vimebaki na wazee watupu, na shule zinafungwa kwa kukosa watoto. Kwamba msichana akipata mimba kazini huwaomba radhi wenzake kwa kuwaongezea mzigo. Lakini lililomchoma zaidi ni la vijana wanaojifungia chumbani miaka na miaka, wakakataa kuonana na mtu, na mama mzazi akawa anaweka sahani ya chakula mlangoni na kuondoka.

"Sahani mlangoni!" alimfokea Mmaasai mmoja kutoka Nainokanoka aliyekuja kununua sukari, Lomayani wa watu, ambaye hakuwa na ugomvi wowote na Japani. "Mwanao yuko ndani, pumzi yake unaisikia, unamwekea sahani unaondoka? Mimi ningeuvunja huo mlango kwa shoka!"

"Ungevunja, mama," alisema Lomayani kwa upole, akingoja sukari yake.

Halafu Seif akapelekwa semina.

Seif ni kitinda mimba wa Mama Seif, na ni mhudumu katika loji moja huko juu, ukingoni mwa kreta. Walifundishwa namna ya kuhudumia wageni wa kila taifa. Aliporudi nyumbani kwa mapumziko alimkuta mama yake akitoka chumbani kwa mzee na kikombe kitupu, na watoto wametapakaa kitandani. Akashika kichwa.

"Mama! Mnamfanyia nini huyu mzee? Wajapani hawaingiliwi hivyo. Kwao praivasi ni kitu kikubwa. Mlango ukifungwa unageuka unaondoka, na hata ukiwa wazi huingii mpaka uitwe. Yeye hawezi kukwambia unamkera, ni watu wa adabu. Anateseka kimoyomoyo."

Sijawahi kumwona Mama Seif akinywea namna ile. Alikumbuka siku aliyomkuta mzee na singlendi tu, naye mzee akainama mara nyingi huku uso umemwiva. Alikumbuka pia kila "samahani" aliyowahi kuambiwa. Yeye ambaye hajawahi kuona aibu mbele ya bwana afya wala mbele ya imamu, aliona aibu.

Na akiona aibu, hukasirika. Jioni ile alisimama katikati ya uwanja akatangaza kwamba ni marufuku kumsumbua Mzee Hira. Mtoto atakayekanyaga kizingiti chake atakiona. Nami niliambiwa nikachaji simu yangu kwingine. Hasira ile ilikuwa ya mapenzi matupu, na hilo ndilo linaloniuma mpaka leo. Tulitii wote. Uwanja mzima wa watu wanaoazimana chumvi na kusuka nywele kwenye kitanda cha mwenzao, tukajifunza kupita mbele ya mlango mmoja tukinyata.

Mzee alikaa na mlango wazi kwa muda. Nilimwona akisimama kizingitini, anatazama uwanjani. Watoto walimpa shikamoo kwa mbali na kukimbia. Akarudi ndani. Baridi ya Julai ilipoingia, akaufunga. Chai ya Mama Seif ilihamia dirishani, na chakula cha usiku kikawekwa mlangoni, kimefunikwa vizuri kwa kawa. Ndiyo, sahani mlangoni. Hakuna aliyekumbuka, hata mimi shahidi.

Siku moja sahani haikuguswa. Tukasema mzee amechoka. Asubuhi Mama Seif aliiondoa, jioni akaweka nyingine, wali na maharage ya nazi anayoyapenda. Nayo ikalala. Niliona jinsi alivyosimama pale na kawa mkononi, akaunyoosha mkono kama anataka kubisha, akaurudisha.

"Atakuwa anataka utulivu," alisema, akaondoka.

Aliyeufungua mlango ni Paskalina, Mmbulu anayechuma kahawa shambani, aliyehamia kwetu wiki ileile. Hakuna aliyekuwa amemwambia habari za marufuku. Alitaka kuazima ndoo, akasema hodi, akasukuma. Haukuwa hata umefungwa kwa komeo.

Mzee Hira alikuwa sakafuni kati ya kitanda na mlango. Alikuwa amelivuta blanketi akajifunika mwenyewe. Daktari alituambia kiharusi hakikumuua palepale. Alilala pale muda, huenda usiku mzima na zaidi. Sisi tulikuwa nje tunapika, tunagombana, tunacheka. Lazima alitusikia.

Mama Seif hakulia. Aliwaka. Alimkasirikia marehemu: kwa nini hakuita, kwa nini hakugonga hata ukuta? Alimkasirikia Seif na semina yake. Lakini zaidi ya wote alimkasirikia mtoto wa marehemu, Shunsuke, aliyekuwa akipiga simu mara mojamoja na hakuwahi kuja. Turubai lilifungwa uwanjani, tukakaa msibani tukimngoja, na kila aliyekuja kutoa pole alisomewa mashitaka. "Aje! Nitamwambia mbele za watu. Baba yako amezeeka, umemwacha azunguke dunia anatafuta chumba cha kufia! Seif atatafsiri neno kwa neno, asipunguze hata moja."

Basi alipofika, watu walijaa mpaka kwenye kibaraza changu.

Alikuwa mwanamume mwembamba, suti nyeusi, macho mekundu kwa safari. Hakuenda kwanza kwa Mama Seif. Alianza na chumba cha mwisho, akaenda mlango kwa mlango, na kila mlango aliinama mpaka kiunoni na kutoa boksi la biskuti lililofungwa kwa karatasi nzuri. Paskalina alipewa, nami nikapewa. Mwishowe alisimama mbele ya Mama Seif, akainama zaidi kuliko alivyoinama kwetu, akasema maneno kwa Kiingereza.

"Anaomba radhi," alitafsiri Seif. "Kwa usumbufu wa baba yake kufia chumbani mwako."

"Radhi?" Mama Seif alikuwa ameshavuta pumzi ya kuanza. "Ananiomba mimi radhi? Mwambie..."

Lakini Shunsuke alikuwa bado anaendelea, ameinama, anaongea na viatu vyake. Seif alisikiliza. Hakutafsiri.

"Amesema nini?"

"Basi tu, mama. Anashukuru."

"Seif! Tafsiri!"

Seif akatafsiri. "Anasema baba yake alimpigia mwezi uliopita. Alimwambia alipofika hapa watu walikuwa wakiingia kwake tu, bila hata kubisha hodi, na kwamba hajawahi kuwa na furaha namna ile tangu mkewe afe. Halafu siku moja wote wakaacha. Mzee alimwuliza, nimewakosea nini? Yeye hakujua la kumjibu. Anasema hajui mpaka leo baba yake alitukosea nini, lakini amekuja kuomba radhi kwa niaba yake."

Mama Seif alilitazama boksi mikononi mwake.

"Mwambie hakutukosea," alisema.

Seif alikuwa amejifunika uso kwa mikono yake.

"Mwambie hakutukosea!" Seif hakusema, basi Mama Seif akamsukuma kando, akamkabili yule Mjapani mwenyewe, akampigia kelele kwa Kiswahili machozi yakimchirizika: "Hakutukosea kitu! Unasikia? Hakutukosea chochote baba yako! Sisi ndio! Sisi!"

Shunsuke hakujua Kiswahili. Aliona mama mwenye nyumba amekasirika, anamfokea mbele za watu, anamnyooshea kidole. Akainama zaidi, akaomba radhi tena. Kila Mama Seif alivyozidi kupaza sauti, ndivyo yeye alivyozidi kuinama.