Sebule ya Mama Bila Mama

Madalali wa nyumba walimwita Mwanga, kwa kuwa katika picha alizowapigia hakuna nyumba iliyotoka na giza. Kila kazi alifika asubuhi, akafungua mapazia yote, akazima taa ili kuta zisitoke na rangi ya njano, akafunika choo, akaweka kamera kwenye pembe ya chumba, usawa wa kifua. Chumba cha kukunjia miguu kilitoka kama ukumbi. Walimtania kwamba akipiga banda la kuku, wateja watauliza lina vyoo vingapi.

Siku moja kaka yake mkubwa akampigia simu.

"Mdogo wangu, nyumba ya mama tunaiuza. Juzi kaacha jiko linawaka, katoka kwenda kumtafuta baba."

Baba yao alikuwa na miaka sita kaburini.

"Tafuta mpiga picha mwingine, kaka."

"Mwingine atalipua kazi tu. Itakaa mwaka mzima bila mteja, na mama ataungulia humo."



Jumamosi akaenda. Akaondoa vitambaa vya kufuma kwenye makochi, akateremsha picha ya harusi, akaficha dawa, mkongojo na ndala zilizolika upande mmoja. Mama alimfuata nyuma akirudisha kimoja kimoja.

"Mwanangu, mbona unanihamisha ningali hai?"

"Ni kwa ajili ya picha tu, mama. Nitavirudisha."

"Picha ya nyumba isiyo na mtu, ya kazi gani?"

Jua lilikuwa linahama dirishani. Mwanga akamshika mama mkono, akamkalisha uani, akafunga mlango kwa ndani. Mama akagonga, kwanza taratibu, halafu kwa ngumi, akiliita jina lake la utotoni. Mwanga alipiga sebule, jiko, vyumba viwili, huku roho ikimsuta. Hakuwa amewahi kupiga picha nzuri kama zile.

Siku ya nne mnunuzi akapatikana. Dalali alimpongeza, yeye akakata simu.

Mama alihamia kwa kaka. Kila alasiri alikusanya nguo zake kwenye mfuko, akiomba apelekwe kwake. Mwanga alipokwenda kumwona, mama alimpa shikamoo kama mgeni.

"Dada, nifungulie geti. Wanangu wanakaribia kutoka shule."

"Mama, ni mimi."

Mama alimtazama kwa adabu, akangoja afunguliwe. Mwanga akauchukua ule mfuko, akaketi kitandani, akaanza kurudisha nguo kabatini, moja baada ya nyingine, akijua kesho zitafungwa tena.