Jina la Delavaunoy

Asubuhi hiyo tulikuwa tukianika kahawa, na Koko, mama mzaa baba, alikuwa akimsuta baba kwa kubana sukari kwenye chai. Kwetu Kivu kila mtoto hupewa jina lake. Ndugu wa tumbo moja hawatumii jina moja, ingawa ukoo wao ni mmoja. Delavaunoy lilikuwa neno tu kwenye ukuta wa kiwanda cha zamani, jina la Mzungu aliyemiliki mashamba ya kahawa ya pale kwetu.

Jioni habari zikatufikia: barabarani wenye bunduki wanauliza majina. Jina la ukoo lilitosha kumwua mtu. Baba akaamua sote tuitwe Delavaunoy, kwa kuwa jina la Mzungu halina kabila. Koko alinyamaza, nasi tukadhani amekubali. Mtu mbishi kama yule, kimya chake kilifaa kututisha.

Tulipokimbia, kwenye kizuizi cha barabarani baba alilitaja. Mama akalitaja. Na mimi.

"Na wewe, muzee?" mmoja wao akamwuliza Koko.

"Ule Muzungu alipigaka baba yangu fimbo mpaka akakufa. Siwezi kuitwa jina yake."

Akataja lake, la baba yake na la ukoo, kama desturi yetu inavyotaka.

"Na hawa?"

"Hawa siwajue. Nimewakuta tu mu njia."

Walimweka kando. Sisi tukaambiwa twende.

Tukaenda.

Kwenye kambi ya wakimbizi tuliandikishwa hivyo hivyo, na jina likatufuata hadi Sydney, Australia. Limetuhifadhi, na sijalipenda hata siku moja.

Wakati wa korona, mtaa wetu wa Guildford ulipofungwa, polisi alibisha hodi akiwa na askari wawili wa jeshi, kuhakikisha tumo ndani. Walikuwa wapole, barakoa usoni. Mmoja akauliza majina yetu. Nikasema Delavaunoy. Akasema ni jina adimu, akauliza kama ni la Kifaransa.

Walipotoka, binti yangu Neema alilitafuta kwenye simu. Lilianzia bonde moja dogo la Ufaransa, na familia zilizobaki nalo ni chache.

"Mum, we're so rare," akasema, akiufurahia uadimu wetu.

Nilicheka, kisha kilio kikanishika. Nikamsimulia ya Koko pale kwenye kizuizi, niliyomficha tangu azaliwe.

Neema, ambaye ni nadra kunijibu kwa Kiswahili, akauliza taratibu, "Jina yake nani?"

Nikachungulia dirishani. Askari walikuwa kwa jirani. Nikangoja mpaka wakapanda gari. Halafu nikalitaja, na la baba yake, na la ukoo. Sauti ilitoka ndogo mno, na Neema akaniomba nirudie.