Nilifata histoire ya noti ya zaïre, franga ya likelemba ya mama ikakwama mu dola

Salamu wakuu, na bapapa na bamama wote wa humu.

Niko Bukavu, nimemaliza secondaire, kazi bado. Haya yalitufikia miye na mama yangu, na sitaongeza chumvi. Chumvi yenyewe sasa iko bei.

Mama anauzishaka maharagi mu soko ya Kadutu. Anaenda kuyaranguwa Mudaka ku bamama balimaji, anarudi na mifuko, anauzisha kwa kipimo. Iko pia mu likelemba na benzake ba soko: kila wiki kila mama anatosha franga, ni kusema pesa, mu mufuko wake, mumoja anakamata yote. Wiki yenye kufata, mwingine.

Zamu ya mama ilifika kisha tu vita kuingia mu muji na banki kufunga milango. Ile franga ndiyo ilikuwa capital yake yote. Aranguwe, auzishe, alipe masomo ya wadogo zangu.

Miye nikaingilia.

Ku masomo nilipendaka histoire, habari ya zamani, kuliko kila kitu. Mwalimu alitufundisha namna noti ya zaïre, ile ya zamani ya inchi yetu, ilikufa: serikali ilichapa, ikachapa, mupaka batu banabeba mufuko ya noti kwa kununua mukate. Mama mwenyewe anakumbuka. Alikuwa mutoto, banacheza boutique na manoti ya kweli.

Basi nikawaza: vita iko, banki zimefunga, franc, noti yetu ya sasa, itakufa vilevile. Rahisi. Mwenye anajua histoire anatangulia wengine, sivyo?

"Maman, tugeuze yote dola. Leo. Kesho taux ya dola itapanda."

"We Neema, bamama ba Mudaka banauzishaka na franc."

"Batakubali. Nani anakataaka dola?"

"Uko na hakika?"

"Maman, histoire haidanganyake."

Wakuu, ile neno ningali nalisikia mu masikio.

Tukaenda ku cambiste, bale ba kugeuza franga banaikalaka ku barabara na meza ya manoti. Alituona na furushi ya franc, akacheka meno yote inje: "Ah, maman, leo uko boss!" Akatupatia dola haraka haraka. Ile haraka ingefaa inishtue. Cambiste mwenye anafurahi kukuachia dola yake, jiulize mara mbili. Miye sikujiuliza hata mara moja.

Siku kidogo zikapita, taux ikaanza kutembea. Lakini ilitembea kinyume! Dola inaleta franc kidogo kuliko jana, kesho yake kidogo tena. Nikasema huyu mutu mwizi, nikaenda kwa mwingine.

"Petite, franc njo sina," akaniambia. "Dola ziko mingi. Hata wewe uko nayo."



Mama akapanda Mudaka na dola zake. Mama moja mwenye maharagi akakamata noti, akaiinua ku jua, akaonesha kidoti ya wino pembeni. "Hii iko mugonjwa." Nyingine ilikuwa nzima, akairudisha pia: "Change nitatosha wapi, mama? Lete franc, maharagi iko hapa."

(Benye hamuko huku: franc inaweza kuchakaa mupaka ikanuka, tunaipokea. Dola ikiwa na mukato kidogo tu, iko karatasi.)

Akarudi mikono mitupu. Meza yake ya soko ikabakia wazi, na likelemba haingojake mutu. Mama mwenye anaiongoza akafika mu parcelle yetu:

"Mama Neema, wiki hii utatosha franga, ao tukuondoe?"

"Nitatosha."

"Franc, eh. Usituletee mambo ya dola yako."

 Mama yangu alichukua sahani zenye nilikuwa nimeshamaliza kuosha, akaziosha tena, moja moja. Ningependa anipige.

Miye mutu wa kungoja siko, nikatoka. Nikasimama ku agent wa kutosha franga ya mu simu, nikitafuta franc, mustari murefu ya batu, kisha akapiga kelele: "Franc imeisha! Murudi kesho!" Pale pale njo nilikumbuka nusu ingine ya leçon ya zaïre.

Mwalimu alisemaka vitu mbili. Ya pili: batu ba Kasai, upande mwingine wa inchi, walikataa manoti mapya ya serikali, wakabakia na ya zamani yenye haikuwa inachapwa tena. Na kwabo bei haikuruka kama ya kwetu.

Zaïre haikukufa juu ya vita, wakuu. Ilikufa sababu ilikuwa inaletwa mingi. Sasa huku Bukavu nani analeta? Banki zimefunga. Ni manoti ile ile inazunguka, inapasuka, inapotea. Franc ilikuwa inakauka kama robinet ya maji.

Tukarudisha dola yote ku franc, kidogo kidogo, kwa cambiste huyu na yule. Hasara? Sitaitaja, mama anaweza kusoma humu. Likelemba mama yangu alilipa siku ya mwisho, ile mama ya kuongoza ameshavaa viatu vya kwenda kumuondoa.

Sasa mama anasema franc hataiacha tena, ataifunga mu kitenge. Na miye woga ukanirudilia. Siku banki zitafungua, manoti itaingia na magari, bei itaruka, na mwenye alifunga franc atalia.

"Maman, usiifunge. Kamata maharagi mingi kuliko kawaida."

"Histoire tena?"

"Histoire, maman. Lakini leo iko nzima."

Aliniangalia, akacheka, mara ya kwanza tangu ile siku ya Mudaka. Akaranguwa yake ya kawaida, akaongeza mufuko mumoja, akausukuma pembeni ya kitanda yangu. "Huu njo histoire yako. Ukioza, usinililie."

Mufuko uko pale. Bei bado haijasonga. Kila asubuhi naufungua, naingiza mukono mupaka chini.

Kama kuna somo, iko hii: histoire haikuambiake bei ya kesho. Miye niliuliza zamani nani alipoteza. Ingefaa niulize franga ilikuwa inatoka wapi, na nani anaileta.

Benye muko Walungu, Sange, Uvira: kwenu franc iko namna gani, inapatikana? Mutukane kama munataka, lakini mujibu.

Na mwenye anajua kukinga maharagi na wadudu bila sumu aseme mbio, wakuu. Jirani anasema majivu. Leo asubuhi nimetosha harage moja, iko na tundu.