Neno "anauza" lilivyonichafulia jina: page yangu, coach wangu, na mkorogo ambao sio wangu

Wakuu, kwema humu?

Naandika kutoka Kamina, Haut-Lomami, huku Congo. Kiswahili changu ni cha Katanga, hapa najitahidi kukinyoosha ili tuelewane. Mkiona "njo" na "iko" zimenitoroka, mnivumilie.

Haya yamenipata mimi mwenyewe, sijatia chumvi. Hasira bado ninayo, kwa hiyo anayetafuta uzi wa kuchekesha apite tu.

Naitwa Kabange. Kwetu Baluba mapacha wana majina yao tayari: wa kwanza Kyungu, wa pili Kabange. Akina Kabange tumejaa mji mzima, na hilo lilikuja kuniponza, mtaona.

Kazi yangu ni kusuka. Nina viti vya plastiki chini ya turubai mbele ya nyumba ya wazazi wangu, wateja wanakuja, tunapiga stori.

Page ilianza hapo hapo. Nilikuwa naweka simu juu ya kreti ya bia, nasuka huku naongea juu ya ngozi na nywele. Hasa nilikuwa nawapigia kelele wasichana wanaojipaka ile kitu nyinyi mnaita mkorogo. Wateja wanabisha, mtu anapita anasalimia, mama yangu anaita kutoka jikoni, yote yanaingia kwenye video.

Na sikuwahi kuuza kitu. Hiyo ilikuwa sheria yangu. Nikisema mafuta ya mise, yale ya kokwa za mchikichi, ni mazuri kwa nywele, nenda mwenyewe sokoni ukayatafute.

Watu walipenda. Kamina, Kaniama, Kabongo, hata wake wa wanajeshi kule base walikuwa wananifuata, wengine Kiswahili chenyewe wanakichanganya na Lingala.

Basi nikaingiwa na tamaa ya kukua. Nikajiunga na darasa la online la jamaa mmoja anayejiita coach wa personal branding. Simtaji jina, sitaki kumtangaza bure.

Nisimnyime haki yake: kuna mambo aliniambia ya kweli. Aliniambia nichague jambo moja, nisiongelee ngozi leo na siasa kesho. Aliniambia mtu akifika kwenye page aelewe haraka mimi ni nani. Sawa kabisa.

Lakini baadaye akaanza kunichonga.

"Background yako ni chafu." Nikahamia ndani, mbele ya ukuta mweupe.

"Hao watu wanaoongea nyuma wanaua brand." Nikafukuza wateja kwenye video.

"Hicho Kiswahili chako hakivuki mpaka. Ongea Kiswahili safi, soko liko Dar na Mombasa."

Wakuu, nilikaa nikajifunza. Nikaacha "minyi" nikasema "mimi", nikaacha "njo" nikasema "ndio", nikaacha maneno ya Kiluba yote. Nikaanza "habari zenu wapenzi watazamaji". Mama yangu akasikia siku moja akauliza ni nani yuko na mimi chumbani.

Na followers walikuja kweli, sitadanganya. Dar, Mombasa, mpaka Watanzania walioko Ulaya. Coach akachukua page yangu akaifanya mfano darasani. Nilijiona nimefika.

Sasa sikilizeni.

Jumapili moja baada ya misa niko nyumbani, nasikia hodi. Ni Mama Ngoie, jirani yetu wa miaka yote, mkulima wa mahindi, mtu ambaye amenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Nyuma yake binti yake Solange, kitenge kimefunika uso mpaka macho. Solange alikuwa mwaka wa mwisho shuleni, mwaka wa mtihani wa Serikali.

Mama Ngoie hakukaa. Akavuta kile kitenge.

Mashavu ya yule mtoto yalikuwa yamebabuka. Sehemu nyekundu, sehemu nyeusi, na chini ya jicho ngozi inachubuka.

"Angalia mutoto," akasema.

"Mama, alipaka nini?"

"Mafuta yako, Kabange."

Nikasema, "Mama, minyi siuzishi mafuta. Unanijua. Siuzishi kitu."

Akanijibu kwa sauti ya chini kabisa: "Hakuna muntu anasema unauzisha. Tulisoma asema unauza."

Hapa nawaomba mtulie, maana kisa chote kiko hapa.

Huku Katanga, kuuza ni kununua. Ukitoa pesa ukachukua kitu, umeuza. Ukitoa kitu ukachukua pesa, umeuzisha. Mtoto mdogo anajua hilo. Nyinyi mnasema kinyume, na mimi kwa ajili ya coach nilikuwa nimeanza kusema kama nyinyi.

Mama Ngoie akatoa simu ya Solange. Kuna page inaitwa kwa jina langu, picha yangu, ukuta wangu mweupe. Mtu amechukua vipande vya video zangu, ameweka sauti ya mwanamke mwingine juu ya mdomo wangu, na chini kwa herufi kubwa: KABANGE ANAUZA MAFUTA HAYA.

Mtu wa Dar anasoma: Kabange ni muuzaji.

Mama Ngoie amesoma: Kabange ananunua, anatumia mwenyewe.

"Nikasema," akaendelea, "kama Kabange mwenyewe anayekatazaka batu anauza hii, basi hii iko ya muzuri. Minyi njo nilimuuzia mutoto. Yeye hakuniomba."

Yaani yule tapeli hakujua hata alichoandika. Alitaka kusema nafanya biashara, na huku kwetu akawa amenifanya shahidi. Hakuna tangazo lingeweza kumshawishi yule mama zaidi ya hilo.

Nikamwambia, "Lakini mama, hukusikia ile sauti? Ile sauti haiko yangu."

Akaniangalia. "Kabange, tangu wakati gani tunasikia sauti yako? Weye unasema kama radio. Na huyu anasema kama radio."

Niliumia, na kuumia kwangu hutoka kama hasira, nikaanza kuongea sana na hakuna aliyenisikiliza. Mama Ngoie akamfunika mtoto, wakaondoka.

Nikamwandikia coach. Nikamtumia screenshot, nikamtumia na picha ya Solange, kwa ruhusa yake.

Jibu lake nimelihifadhi mpaka leo: "Hongera! Wakianza kukuiga ujue brand imekua."

Hongera. Mtoto hawezi kunawa uso, na mtu mzima ananiandikia hongera na ka-emoji ka moto.

Nikaifanyia report ile page. Wenye mtandao wakanijibu kwamba jina hilo ni la watu wengi na hawaoni tatizo. Nikaiandikia page yenyewe, wakaniblock. Wakuu, nimeblockiwa na sura yangu mwenyewe.

Mjini ikawa maneno. Viti vikabaki vitupu. Kwenye kikundi cha akina mama cha parokia mama yangu alikaa, waliokuwa pembeni yake wakahama benchi kidogo kidogo. Alirudi nyumbani hakula. Mama mmoja wa base alikuja na boksi la mafuta yale, ameagiza kuuzisha sokoni kwa sababu ya uso wangu, anaomba nimhakikishie kama yako salama. Nilimpeleka kwa Solange aone mwenyewe. Alirudi na boksi lake, na siku ile ile akalizika.

Solange aliacha kwenda shule.

Hapo nikasema basi. Nikatoa simu nje, chini ya turubai. Sikuandika script. Nikaongea vile ninavyoongea na watu wa hapa, Kiswahili chetu, nikikasirika naingia kwenye Kiluba. Nikasema: minyi Kabange wa Kamina, msusi, mama yangu mnamjua, kanisa letu mnalijua. Minyi siuzi hii mafuta, na siuzishi hii mafuta. Zote mbili nikazirudia, moja moja, nimeshika chupa moja iliyotoka kwenye lile boksi la base.

Mama Ngoie alikuwa amesimama barabarani anasikiliza. Akaingia bila kuitwa, akaninyang'anya chupa, akasema mbele ya simu: "Minyi njo niliuza. Nilichoma uso wa mutoto wangu. Musiuze." Akaniachia chupa akaenda zake.

Ile video ilitembea kuliko zote nilizowahi kufanya. Ilifika mpaka Mulongo kwa wavuvi. Ile page feki bado iko, lakini kila ikiweka kitu, watu wa kwetu wanaandika chini: huyu wa radio sio Kabange wetu.

Coach akanitumia ujumbe kwamba nimeharibu brand, followers wa nje wataondoka. Baadhi waliondoka kweli. Nikamwambia njia ya mlango anaijua.

Solange alirudi shule, ngozi imeanza kupoa, lakini alama zitabaki. Wiki ya kupiga picha za fomu ya mtihani alikuja kwangu kusuka, katumwa na mama yake. Nilifurahi nikaharakisha kufuta kiti.

Akakaa, akasema bila kunitazama: "Mama asema unisuke. Lakini usinipake kitu."

Nikamsuka kavu. Anayesuka anajua nywele kavu inavyouma. Kila nikivuta naona bega lake linapanda, na mafuta ya mise yako hapo mkononi kwangu, safi, niliyasaga mwenyewe, na siwezi kuyagusa. Nilimaliza, akasema wafwako, ndiyo asante ya kwetu, akaenda.

Ndivyo tulivyo mpaka sasa. Anakuja, na hapakwi kitu.

Nilichojifunza nitakisema bila mapambo. Brand yako iwe wazi kwanza kwa yule anayeweza kuja kukupigia hodi. Mtaani kwako wajue unavyoongea, umekaa wapi, unafanya nini na hufanyi nini, kiasi kwamba mwizi akivaa sura yako wamkamate kwa neno la kwanza. Mimi nilijisafisha mpaka nikawa mtu yeyote, na mtu yeyote akanichukua.

Sasa karibuni kwa comments. Wenye page niulizeni, wenye njia ya kuiangusha ile feki nielekezeni, nitashukuru.

Lakini nina langu moja kwenu. Mama Ngoie alikosea kwa sababu neno lenu kwake ni kinyume. Nyinyi wa Dar na Mombasa mlilisoma vizuri. Maelfu mlikuwa mnanifuata, mlinisikia kila siku nikisema siuzi kitu, mkaona "Kabange anauza mafuta haya", mkaelewa, wengine mkaweka like.

Kwenye DM yangu hakuna hata mmoja aliyeniuliza: Kabange, tangu lini?

Anzeni kujibu hapo.