Futi Iko kwa Nani?

Nimekasirika. Nasema mapema ili mtu asidhani natania. Ingawa nitatania pia. Mdomo wangu ndivyo ulivyoumbwa.

Dada yangu ni fundi cherehani. Kibanda chake kimebanwa kati ya kinyozi na muuza vioo: mlango wa mabati, mashine mbili, kiti kimoja cha wateja chenye mguu uliofungwa kitambaa. Wateja humwita Mama Rudia, na jina hilo lina kisa. Zamani alikuwa na msaidizi wa kuandika vipimo. Dada anapima, anataja, msaidizi anaandika. Siku moja, mashine inanguruma, dada akataja urefu wa suruali ya bwana harusi: tisini na nane. Msaidizi akaandika sabini na nane. Bwana harusi aliingia ukumbini soksi zikimtangulia kusalimia watu. Msaidizi huyo simtaji. Nitasema tu alikuwa kijana mzuri wa sura, na hadi leo sura hiyo haijamtoka.

Tangu hapo dada akaweka sheria: usiandike kabla hujarudia. "Kiuno sabini na mbili." "Kiuno sabini na mbili." Ndipo kalamu iguse daftari. Sheria ikatoka kibandani ikaingia nyumbani. Pale mezani, mwenye futi, ile kamba yake ya kupimia, shingoni, ndiye anayesema. Ukitaka kumjibu, kwanza rudia alichosema, akubali kwamba ndicho, kisha uvae futi useme lako. Nilimcheka dada, nikamwita mfuga kasuku. Mimi, msomi wa darasa la sita na nusu!

"Mjomba," kitinda mimba wake aliniambia siku moja, binti wa miaka tisa, meno mawili ya mbele hayapo, "umesema mama anafuga kasuku. Ndivyo?"

"Ndivyo."

"Kasuku anarudia alichosikia. Wewe mbona hata hicho huwezi?"

Nilikuwa na jibu kali sana, ila futi ilikuwa shingoni kwake.

Sasa sikia kilichonichoma. Mwalimu wa darasa alisikia kelele nyuma yake akiwa ubaoni. Akageuka, akamnyooshea kidole binti yetu huyo: "Wewe! Toka nje, usimame huko mpaka nikuite."

Akasimama kwa adabu ya nyumbani kwao. "Umesema nitoke nje, nisimame huko mpaka uniite. Lakini, mwalimu, si mimi niliyepiga kelele."

Ile "lakini" haikupata sikio. Darasa lilikuwa limeshaangua kicheko, na mwalimu ameshawaka. "Unaniigiza?"

"Umeuliza kama nakuigiza. Hapana, mwalimu."

Lo! Petroli juu ya moto. Akarudishwa nyumbani na barua: ana dharau, mzazi afike, la sivyo mtoto atafutiwe shule nyingine. Na shule nyingine iliyo karibu ni ya kupanda magari mawili.

Siku mbili mtoto alikaa kibandani kama mdoli wa dirishani. Dada akitaja kipimo, yeye anaandika kimya.

"Rudia, mwanangu."

Akatikisa kichwa. "Nikirudia nafukuzwa."

Mguu wa dada ukasimama kwenye kanyagio la cherehani. Nimemjua dada yangu tangu tunagombania titi. Nilijua hapo mtu atakoma.

Tulikwenda watatu. Mimi nilijialika, maana ofisini panahitaji mtu wa maneno. Mwalimu mkuu alikuwa nyuma ya meza, mwalimu wa darasa kando ya dirisha, fimbo imeegemea kabati. Nikajikohoza. "Waheshimiwa, mimi kama mjomba mtu..."

"Kaka," dada akanikata, "futi iko kwako?"

Ilikuwa shingoni kwake. Alitoka nayo kazini. Nikameza hotuba yangu nzima.

"Mama," mwalimu mkuu akaanza, "mtoto wako hasikii. Akiambiwa jambo anamrudishia mwalimu kama mpira."

"Umesema mwanangu hasikii, akiambiwa jambo anamrudishia mwalimu kama mpira. Ndivyo?"

"Ndivyo." Kisha uso ukambadilika. "Na wewe unaniigiza?"

"Nahakikisha nimekusikia. Asiyesikia atarudia nini?" Sauti ya dada ilikuwa chini. "Sasa namwomba mwalimu wa darasa arudie alichosema mwanangu siku ile. Chote, mpaka mwisho."

"Aliniigiza," akasema mwalimu. "Alisema nitoke nje, sijui nisimame..."

"Halafu?"

Mwalimu akaanza kupangusa chaki vidoleni.

"Halafu akasema nini, mwalimu?"

Hajui! Amemfukuza mtoto wa watu kwa maneno ambayo hakuyasikia yakiisha. Huyo ndiye anayewafundisha watoto kusikiliza! Meno yangu yalisagana.

Dada akavua futi, akamvika binti yake. "Sema."

Mtoto akashika ncha zote mbili. "Nilisema si mimi niliyepiga kelele," akasema. "Na hakuna aliyeniuliza ni nani."

Mwalimu mkuu akamtazama mwalimu. Mwalimu akatazama dirisha.

"Arudi darasani," mwalimu mkuu akasema mwishowe, bila samahani, hata ya kuazima. "Ila asirudierudie maneno ya watu."

"Umesema nirudi darasani," mtoto akasema, "ila nisirudierudie maneno ya watu." Akasubiri. "Ndivyo?"

Mwalimu mkuu akarudisha kiti nyuma. "Ndivyo," akasema.

"Haya." Akavua futi, akampa mama yake, akaenda zake darasani.

Njiani nilikuwa bado nafoka: watu wazima gani hawa, wanadai watoto wa siku hizi hawasikilizi, na wao masikio wameyaning'iniza kama mapambo! Dada alinisikiliza mpaka nikamaliza. Kisha akanivika futi.

"Tisini na nane, kaka."

Miaka yote hiyo tangu suruali ya bwana harusi, na bado anangoja. Nikatazama viatu vyangu.

"Tisini na nane," nikarudia.