Nauli ya Bibi

Juzi, katika chumba nilichopanga safari hii, nilifungua kopo la karafuu, nikakumbuka pesa za Bibi.

Utotoni nilikaa naye mtaa wa Kandara, Jeddah. Mji ulijaa riyali za mafuta, lakini Bibi alinifundisha kuhesabu kwa shilingi alizotoka nazo Unguja. Alizifukia kwenye karafuu, ndani ya kopo la maziwa.

"Hizi nauli yangu ya gari siku nikirudi kwetu," alikuwa akisema. "Haya, ngapi hizo?"

Nilizijua kwa vidole, hata nikifumba macho.

Siku moja nilichukua moja, nikashuka kununua mkate kwa Myemeni. Aliigeuza, akainusa, akacheka.

"Hii mafi, si kitu, haitumiki hapa!"

Mkate alinipa, na shilingi akaitia kwenye droo.

Bibi alipohesabu akaona moja haipo, hakunipiga. Alivaa buibui, akateremka ngazi zote zile, akaikomboa kwa riyali nzima.

"Bibi, umeinunua ghali," nilimwambia.

"Hebu nyamaza, tajiri wee."

Aliirudisha kwenye karafuu, akafunga kopo kwa kiganja. Kesho yake, tulipokaa kuhesabu, alitandaza riyali mkekani, shilingi akaziacha kwenye karafuu.